Somo la 14: Injini Ngeni Katika Land Rover ya Zamani

Kabla ya kusoma

Mwalimu na wanakisomo wazungumze kwanza. Nani kati yetu amewahi kusukuma gari bovu? Lilikuwa na ugonjwa gani? Lilipona?

Katika somo hili yamo maneno ya ufundi. Chesisi ni mifupa ya gari, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Krenki ni chuma cha ndani ya injini kinachozungushwa na pistoni. Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki. Shafti ni chuma cha mviringo kinachopeleka mzunguko kutoka mahali fulani hadi pengine. Klachi huunganisha injini na giaboksi, na huitenga pia dereva akikanyaga. Difu ni ile bonge ya chuma katikati ya ekseli, yenye meno ndani, inayogawa nguvu kwa magurudumu. Kukereza ni kuchonga chuma kwenye mashine inayokizungusha. Ukisahau neno, rudi hapa.

Gari lililala chini ya mwembe

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja. Kijiji hicho kina kikundi cha wakulima wa nyanya na vitunguu. Kikundi kina Land Rover ndefu ya miaka ya sabini. Waliinunua ikiwa kuukuu, lakini ilipanda milima na kuvuka mito bila kulalamika.

Injini yake ilikuwa ya petroli. Ilianza kunywa mafuta mengi. Kisha ikaanza kutoa moshi wa buluu. Mwishoni, siku ya gulio, ilipiga kelele kama debe la mawe, ikazima. Vijana waliisukuma mpaka chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Ililala hapo miezi 5. Kuku wakataga mayai chini ya kiti.

Msimu huo nyanya nyingi zilioza. Wachuuzi wa mjini walikuja na malori yao, wakataja bei waliyotaka wao. Usiku mmoja mama mjamzito alipelekwa hospitali kwa pikipiki, kilomita 30 za makorongo, shemeji yake akimshikilia kwa nyuma. Alifika, akajifungua salama. Lakini tangu usiku ule akina mama wa kikundi hawakunyamaza tena. Walisema, "Gari lifanyiwe jambo, au liuzwe tugawane fedha."

Kikao kikaitwa. Wengine walitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Wengine walitaka injini ya zamani ifunguliwe na kutengenezwa. Kijana mmoja anayefanya kazi mjini alisimama, akasema:

"Wazee wangu, shikamooni. Injini za petroli za namna hii zimekwisha umri. Mjini zipo injini za dizeli za Hiace, za mtumba, bado zina nguvu. Tuweke hiyo. Mafuta yatapungua nusu, na fedha yetu itarudi ndani ya mwaka mmoja."

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyechukua kalamu kupiga hesabu. Sisi tutaipiga mwisho wa somo.

Gari hili ni la namna gani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Ilitengenezwa Solihull, Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 3 tu, na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Ndiyo sababu utaiona Land Rover kongwe ambayo mabati yake hayana kutu, kumbe chini chesisi imeliwa kama biskuti.

Aina iliyotufikia kwa wingi ni ile inayoitwa Series III. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi zilikuwa na injini ya silinda 4, lita 2 na robo. Zilikuwepo za petroli na za dizeli, na ukubwa wao ulikuwa sawa. Hazikuwa na mbio. Uzuri wake ni kwamba fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua chini ya mti na kuifunga tena. Gari la namna hiyo watu hawaliachi upesi. Injini ikifa, hutafutwa nyingine.

Mpaka leo ziko nyingi zinazotembea. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover mjini Arusha, na mamia ya magari haya, mapya na makongwe, yalifuatana barabarani. Nyingine ukifungua boneti utakuta injini ya Kijapani.

Injini ilifika, kazi ikakwama

Kikundi kilinunua injini. Iliwashwa mbele ya wajumbe 3, wakaisikia inanguruma vizuri. Ikapakiwa kwenye lori, ikafika kijijini. Fundi wa kwanza aliahidi kumaliza kwa siku 3, na kweli siku ya tatu gari liliwaka. Watu walishangilia. Mbuzi alikuwa tayari amefungwa kamba.

Furaha hiyo haikudumu. Gia ziliingia kwa shida, zikitoa mlio. Dereva alizima ufunguo, injini ikaendelea kunguruma. Ilibidi aweke gia kubwa, akanyage breki na kuachia klachi ndipo izimike. Baada ya kilomita 40 bamba la klachi lilipasuka katikati. Gari likarudi chini ya mwembe, likivutwa na ng'ombe.

Fundi wa kwanza hakuwa mwizi. Injini aliijua. Kilichomshinda ni vitu vilivyo kati ya injini na gari.

Fundi mzee na maswali yake

Mwenyekiti alikwenda kwa fundi mzee mwenye karakana katika mji mdogo wa jirani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu. Habari za kwenu?"

"Nzuri kiasi, ila gari linatusumbua. Tumeweka injini ya dizeli, imekata klachi."

"Poleni. Kabla ya kununua mlipima?"

"Tulipima nini, Fundi? Injini ilikuwa nzima. Iliwashwa tukaiona."

"Uzima wa injini siulizi. Nauliza urefu wake. Je, feni itagusa radieta? Bakuli la oili litagusa ekseli ya mbele? Nyuma ya injini ile na mbele ya giaboksi yenu, matundu ya boliti yanalingana?"

Mwenyekiti alinyamaza.

"Hayalingani," fundi akajijibu. "Mmoja ni wa Japani, mwingine ni wa Uingereza. Mmewaozesha bila kuuliza kama wanaelewana. Leteni gari. Lakini msiniambie siku 3."

Bamba la kuunganisha

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, tusome polepole.

Injini na giaboksi za kampuni mbili tofauti haziwezi kufungwa pamoja moja kwa moja. Kati yake huwekwa bamba nene la chuma au aluminiamu. Upande mmoja wa bamba hutobolewa matundu ya kufuata injini. Upande wa pili hutobolewa matundu ya kufuata giaboksi. Katikati huwa na tundu kubwa la kupitisha klachi.

Kutoboa matundu si shida. Shida ni katikati. Shafti ya giaboksi huingia ndani ya klachi, na ncha yake hukaa katika bushi ndogo, au beringi, iliyo nyuma ya krenki. Krenki na shafti hiyo lazima vizunguke katika mstari mmoja, kana kwamba ni chuma kimoja. Vikipishana, kila mzunguko shafti huvutwa huku na huku. Injini ikiwa inazunguka mara 2,000 kwa dakika, shafti huvutwa mara 2,000 kwa dakika. Kitu lazima kivunjike. Kwanza huisha bushi, kisha hupasuka bamba la klachi, na mwisho huharibika beringi ya giaboksi.

Fundi wa kwanza alichora matundu juu ya boksi la karatasi, akalipeleka kwa mchomeleaji, akatoboa kwa macho. Fundi mzee alipofungua na kupima, alikuta kati imepishana kwa unene wa ukucha. Sisi tunaona ni kidogo. Mafundi wazuri hawakubali kupishana kuzidi unene wa karatasi moja ya daftari.

Wanapimaje kitu chembamba hivyo? Wanacho chombo chenye uso kama saa na mshale mmoja. Hufungwa kwenye flaiwili, na ncha yake hugusa ukingo wa tundu la katikati ya bamba. Fundi huizungusha krenki polepole kwa mkono. Mshale ukisimama palepale mzunguko mzima, kati ni kamili. Mshale ukicheza, bamba husogezwa kidogo, hupimwa tena, husogezwa tena. Fundi mzee alikaa kwenye kazi hiyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Vijana wa kikundi walichoka kumtazama. Alipotosheka alitoboa matundu mawili zaidi, akapiga pini mbili za chuma kigumu, ili bamba lisisogee tena hata likifunguliwa mara kumi. Boliti hukaza tu. Pini ndizo zinazoshika mahali.

Bushi mpya ilikerezwa kwa shaba, kwa kuwa tundu la krenki ya Hiace na ncha ya shafti ya Land Rover havikuwa na kipimo kimoja. Kazi hiyo ilifanywa na mkerezaji mjini. Kipande chenyewe kinaenea kiganjani, lakini bila hicho gari halitembei.

Mahali pa kukaa injini

Injini hukaa juu ya miguu yenye mipira. Mipira hupunguza mtetemo. Miguu ya injini ngeni haifiki pale ilipokuwa miguu ya zamani, kwa hiyo hutengenezwa vikalio vipya na kuchomelewa kwenye chesisi.

Kabla ya kuchomelea, fundi aliigonga chesisi kwa nyundo ndogo, kipande kwa kipande. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hulia bubu. Karibu na ekseli ya mbele nyundo ilizama ndani. Kipande hicho kilikatwa, kikawekwa chuma kipya. Kuchomelea kikalio kipya juu ya kutu ni kujenga nyumba juu ya kichuguu.

Tangi la Land Rover hii liko chini ya kiti. Fundi alilitoa kabisa, akalipeleka mbali, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Kijana mmoja alisema, "Lakini Fundi, mbona ni tupu?" Fundi akamjibu, "Ndiyo maana naliogopa." Ni kweli. Tangi lililobaki na mvuke wa petroli hulipuka upesi kuliko lililojaa, kwa sababu ndani mna hewa na mvuke pamoja. Pia alifungua nyaya za betri, kwani umeme wa kuchomelea huweza kuua alteneta.

Kisha alipima nafasi ya chini. Difu ya mbele ya Land Rover hii haiko katikati, iko upande wa kulia. Gari likiingia shimoni, springi hubonyea, na ekseli hupanda juu kuelekea injini. Bakuli la oili likigusana na difu, hutoboka, na oili yote humwagika njiani. Fundi alichukua bonge la udongo wa mfinyanzi, akaliweka juu ya ekseli. Alishusha gari, akawapandisha vijana 6 nyuma na kuwaambia warukeruke. Kisha akautazama udongo. Ulikuwa umebonyezwa mpaka ukawa mwembamba kama chapati. Aliinua injini kidogo, akarudia. Mara hii ulibaki unene wa vidole viwili, naye akaridhika. Kuna mafundi wanaolikata bakuli na kulichomelea upya. Inawezekana, lakini ni lazima pia bomba linalonyonya oili ndani yake lihamishwe, vinginevyo injini hunyonya hewa na kufa kwa kiu.

Jambo dogo linalosahauliwa ni waya mnene wa kurudisha umeme kutoka injini hadi chesisi. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo ukikosekana, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa kukanyagia mafuta, nao huwaka moto.

Mafuta ya dizeli yana adabu zake

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi. Ukikata umeme, cheche hukoma na injini huzima. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kuizima ni lazima kukata mafuta. Kwenye pampu kuna kifungo kidogo cha umeme. Ufunguo ukifungwa, kifungo hufunga mafuta. Fundi wa kwanza alikiunga moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana injini ilikataa kuzima. Kosa hilo lilitengenezwa kwa waya mmoja na dakika 20.

Pampu ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayotumia, na yanayobaki hurudi. Tangi la petroli la gari hili halikuwa na njia ya kurudishia. Fundi alitengeneza njia hiyo. Aliliosha tangi mara 3, kwa maana kutu na uchafu ambao kabureta ilivumilia, pampu ya dizeli haivumilii. Aliweka pia chujio lenye kikombe cha kukusanya maji. Dereva ndiye wa kukifungua kikombe hicho na kumwaga maji, hasa kama mafuta hununuliwa kwenye madumu.

Breki kwenye mteremko

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo nusura liue watu.

Land Rover hii ilikuwa na kisaidizi cha breki, lile duara la bati lililo mbele ya dereva chini ya boneti. Kisaidizi hufanya kazi kwa mnyonyo wa hewa. Injini ya petroli hunyonya hewa kwa nguvu kupitia kabureta, na mnyonyo huo hupelekwa kwenye breki. Injini ya dizeli hainyonyi hivyo. Inahitaji pampu yake ya kunyonya. Injini nyingi za dizeli za Hiace huwa na pampu hiyo nyuma ya alteneta, lakini bomba lake lazima liungwe na kisaidizi.

Halikuwa limeungwa. Zile kilomita 40 za kwanza, dereva alikuwa akishuka milima na pedali ngumu kama jiwe. Alidhani ni ugumu wa gari lililokaa muda mrefu. Kwenye mteremko mmoja alikanyaga kwa miguu yote miwili. Nyuma walikuwemo watu na magunia. Alipomweleza fundi mzee, fundi aliweka spana chini, akakaa kimya muda mrefu.

Ndugu msomaji, ikiwa utakumbuka jambo moja tu la ufundi katika somo hili, na liwe hili. Gari likibadilishwa kutoka petroli kwenda dizeli, uliza kwanza: breki zinapata wapi mnyonyo?

Kijana mmoja aliuliza, "Fundi, kwa nini tusingeweka injini kubwa zaidi, ya silinda 6? Tungepanda mlima kama ndege." Fundi alimwonyesha shafti zilizo ndani ya ekseli ya nyuma, zinazozungusha magurudumu. Alisema, "Hizi zilipimwa kwa injini ndogo. Ukiongeza nguvu mbele, pa kuvunjika patahamia nyuma. Leo utavunja shafti, kesho difu, keshokutwa giaboksi." Ndivyo ilivyo. Hiace hii ina lita 2.8 na nguvu yake haizidi sana ile ya zamani, kwa hiyo vyuma vya nyuma vinaweza kuibeba.

Kujaribu na kuandikisha

Gari halikupakiwa mzigo siku ile ile. Kwanza injini iliwashwa ikasimama mahali pamoja nusu saa, fundi akitazama joto na matone. Kisha walikwenda kilomita 20 bila mzigo, wakarudi, boliti zote zikakazwa upya. Siku ya pili walipakia nusu ya mzigo. Siku ya nne ndipo magunia yakajaa. Kazi yote ilichukua siku 16.

Lilibaki jambo la karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, kadi haisemi kweli tena. Mwenyekiti na katibu walipeleka taarifa Mamlaka ya Mapato, wakichukua risiti ya kununulia injini. Kampuni ya bima nayo iliarifiwa. Bahati yao risiti ilikuwepo. Injini isiyo na risiti, au ambayo namba yake imesuguliwa kwa tupa, usiinunue hata kwa bei ya kuku. Huenda imeibwa, na gari lenu ndilo litakalozuiwa.

Hesabu

Sasa tuchukue kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Wanakisomo waweke bei za mahali pao.

Kwenda sokoni na kurudi ni kilomita 120. Tuseme injini ya petroli ilikuwa ikitumia lita 1 kwa kilomita 6. Tugawe 120 kwa 6, tunapata lita 20. Tuseme ya dizeli inatumia lita 1 kwa kilomita 8. Tugawe 120 kwa 8, tunapata lita 15. Zimepungua lita 5 katika 20. Hiyo ni robo. Kijana wa mjini alisema nusu.

Tuseme lita moja ya mafuta, petroli au dizeli, ni shilingi 3,000. Lita 5 ni shilingi 15,000. Gari huenda sokoni mara 2 kwa wiki, kwa hiyo kikundi huokoa shilingi 30,000 kila wiki.

Tuseme injini, bamba, kukereza, kuchomelea na malipo ya fundi mzee vilifika shilingi 4,500,000. Kutengeneza injini ya zamani kungegharimu shilingi 2,100,000. Tofauti ni shilingi 2,400,000. Tugawe kwa 30,000. Jibu ni wiki 80, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi kidogo. Kijana alisema mwaka mmoja.

Na hapo hatujahesabu klachi iliyopasuka na malipo ya fundi wa kwanza.

Maswali na mazoezi

1. Kwa nini bamba la klachi lilipasuka baada ya kilomita 40?

2. Eleza kwa maneno yako jinsi fundi alivyotumia udongo wa mfinyanzi.

3. Tangi tupu la petroli lina hatari gani karibu na mashine ya kuchomelea?

4. Kazi ya kwanza iliyoharibika iligharimu shilingi 600,000. Ziongeze kwenye tofauti ya hapo juu. Fedha itarudi baada ya wiki ngapi?

5. Mjadiliane: kikundi kingefanya nini na Land Rover yake, kuiuza, kutengeneza injini ya zamani, au kuweka nyingine? Kila kundi litetee jibu lake kwa hesabu.

6. Andika barua kwa fundi kumwomba bei ya kazi. Taja aina ya gari, mwaka wake, injini iliyomo na injini unayofikiria. Mwombe aje kupima kabla hujanunua kitu chochote. Usisahau tarehe na sahihi yako.